Ngome ya Moshoeshoe na maporomoko ya Maletsunyane: Siku moja inamtosha nani?

Na Mwandishi Wetu, Maseru

GARI aina ya Toyota Quantum limesimama mbele ya kituo cha wageni chini ya mlima Thaba Bosiu, na injini haijazimwa. Saa tatu asubuhi bado. Abiria ni wanne, wamelikodi peke yao kwa siku nzima. Nyuma ya viti kuna kasha la barafu lenye chakula cha mchana walichofungashiwa ng'ambo ya mpaka, Afrika Kusini. Dereva amewaambia wana dakika arobaini na tano za kupanda mlima na kushuka, basi.

Kijana wa hapa anayewaongoza wageni, blanketi lake la Kisotho limebanwa kwa pini begani, anatangulia kwenye njia ya Khubelu. Ni upenyo mwembamba katika ukuta wa mwamba, na mawe yanateleza chini ya miguu. Kila baada ya hatua chache anasimama kueleza: hapa walinzi walijificha nyuma ya mawe, pale ndipo alipoangukia kamanda wa Makaburu. Wageni wanapiga picha, wanatazama saa, wanaitikia kwa kichwa. Kabla hawajafika juu, honi inalia bondeni. Wanageuka.

Makaburi ya wafalme hawakuyaona, wala magofu ya nyumba ya Moshoeshoe. Mbele yao kulikuwa na zaidi ya kilomita mia moja za milima hadi Semonkong, yalipo maporomoko ya Maletsunyane, kisha safari ya kurudi Maseru na kuvuka mpaka usiku.

Hivi ndivyo Lesotho inavyouzwa kwa wageni wengi wenye haraka: gari binafsi, ngome asubuhi, maporomoko mchana, nyumbani jioni. Kwenye karatasi safari hiyo inavutia. Nimekuja kutazama inampa nini anayeilipia, na inawaachia nini wenye mlima na wenye mto.

Mlima ambao haukutekwa

Thaba Bosiu iko kilomita 24 hivi kutoka Maseru, mji mkuu. Ni mlima wenye kilele bapa, mita 1,804 kutoka usawa wa bahari, uliozungukwa na ukuta wa mwamba uliosimama wima karibu pande zote. Njia za kupanda ni chache, na mtu akisimama juu anaweza kuzilinda kwa watu wachache. Huko juu kuna malisho na chemchemi. Jirani yake kimesimama kilima cha Qiloane, chenye ncha inayofanana na kofia ya mokorotlo, ile iliyo katikati ya bendera ya Lesotho.

Moshoeshoe, ambaye jina lake hutamkwa Moshweshwe, alihamia hapa Julai 1824 akitokea Butha-Buthe, kaskazini. Alikuwa mtawala mdogo wa ukoo mdogo, na nyakati zilikuwa mbaya. Vita, njaa na uhamaji vilivyojulikana kwa Wasotho kama Lifaqane vilikuwa vimevuruga eneo lote. Njiani, wakiwa katika baridi kali, babu yake mzee Peete alibaki nyuma, akakamatwa na kundi la watu ambao njaa ilikuwa imewafikisha kwenye kula binadamu. Wakamla.

Masimulizi ya Wasotho yanasema watu hao walipokamatwa baadaye, washauri walitaka wauawe. Moshoeshoe alikataa. Alisema matumbo yao ndiyo kaburi la babu yake, na kaburi la mzee halivunjwi. Akawafanyia tambiko la kumzika Peete, akawapa ng'ombe, wakawa raia wake.

Msomaji wa Songea anajua zaidi kuhusu nyakati hizo kuliko anavyodhani. Msukosuko huohuo ndio uliomsukuma Zwangendaba na Wangoni wake kaskazini, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, wakafika Ufipa alikofia kiongozi huyo, na baada yake makundi yakasambaa hadi Ruvuma. Wangoni walikwenda mbali wakiteka na kumeza makabila. Moshoeshoe alikaa mahali pamoja akiwapokea waliokimbia. Aliwagawia ng'ombe kwa utaratibu wa mafisa: unatunza, unakunywa maziwa, lakini mifugo inabaki ya mfalme. Taifa la Wasotho lilizaliwa kutokana na wakimbizi juu ya mlima huu.

> Taifa la Wasotho lilizaliwa kutokana na wakimbizi waliopokelewa juu ya mlima huu.

Mwaka 1831 wapiganaji wa Mzilikazi, mfalme wa Wandebele, walijaribu kuupanda mlima huu. Mawe yaliporomoshwa juu yao, wakashindwa. Walipokuwa wakiondoka, Moshoeshoe aliwatumia ng'ombe na ujumbe kwamba bila shaka njaa ndiyo iliyowaleta. Hawakurudi tena. Desemba 1852 jeshi la Uingereza chini ya Jenerali George Cathcart lilikwama kwenye uwanda wa Berea, jirani na hapa. Usiku uleule Moshoeshoe akamwandikia jenerali barua ya unyenyekevu akiomba amani, kana kwamba yeye ndiye aliyeshindwa. Cathcart akapata njia ya kuondoka bila aibu, akaondoka.

Makaburu wa Orange Free State walikuja mwaka 1858, wakarudi. Mwaka 1865 walikuja tena na mizinga. Agosti 15, kamanda Louw Wepener aliuawa akipanda njia hii ya Khubelu, na shambulio likavunjika. Mlima haukutekwa, lakini mashamba ya bondeni yaliharibiwa na ardhi kubwa ya magharibi ikapotea. Ndipo mzee aliyekuwa amewazidi akili Waingereza akaomba ulinzi wao, na Machi 12, 1868 nchi yake ikawekwa chini ya Malkia wa Uingereza. Alifariki Machi 11, 1870, akazikwa kileleni.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayopotea katika dakika arobaini na tano. Ukiutazama mlima huu kutoka kwenye maegesho ya magari, ni kilima kama vilima vingine vya bonde hili. Bila mtu wa kukusimulia, na bila muda wa kumsikiliza, umelipia kupanda mawe.

Maji yanayoanguka mita 192

Barabara ya kwenda Semonkong inapita Roma, mji wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Lesotho, kilichoanzishwa na Wakatoliki mwaka 1945 kwa jina la Pius XII. Ukishapita hapo, inaanza kupanda. Inazunguka, inashuka Ramabanta, inapanda tena. Siku hizi ni lami hadi mwisho, na hilo ndilo lililowezesha biashara ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Lakini kona hazijapungua, na dereva anayezifahamu hakimbii. Wachunga mifugo waliojifunga blanketi wanavusha kondoo barabarani bila haraka yoyote. Ukungu unaweza kushuka hata kiangazi.

Semonkong ni mji mdogo wa nyanda za juu ambako farasi bado ni chombo cha usafiri. Siku ya soko utawaona wamefungwa mbele ya maduka, mifuko ya unga ikiwa imefungwa nyuma ya tandiko. Kutoka mjini hadi kwenye maporomoko ni kilomita chache za njia ya vumbi na mawe.

Mto Maletsunyane unateleza taratibu juu ya uwanda wa majani, na hakuna kinachokuonya. Ghafla ardhi inakatika, na mto wote unaanguka mita 192 kwa mruko mmoja ndani ya korongo la mwamba mweusi wa volkano. Mvuke unapanda kutoka chini mpaka kwenye ukingo unapokaa. Sauti inakufikia kwa kuchelewa, nzito, kutoka chini kabisa. Wakati wa mvua, hasa Januari na Februari, maji hujaza upana wa pengo. Juni hadi Agosti baridi hushuka chini ya sifuri, mvuke huganda kwenye kuta na bwawa la chini huweza kufunikwa na barafu.

Kuna watu wanaoshuka ukuta huo kwa kamba, mita 204, mteremko wa kibiashara ulioingia katika kitabu cha rekodi za Guinness. Kuna wanaoshuka kwa miguu hadi bwawani, kazi ya saa kadhaa kwenda na kurudi. Mgeni wa siku moja hafanyi lolote kati ya hayo. Anasimama ukingoni, anapiga picha, anarudi garini.

Hesabu ya saa

Hesabu yenyewe si ngumu. Kutoka Maseru hadi Thaba Bosiu ni nusu saa. Kuupanda mlima, kusikiliza, kutembea kileleni hadi makaburini na kushuka kunahitaji saa mbili na nusu kwa mtu asiye mwanariadha. Kutoka hapo hadi Semonkong ni zaidi ya saa mbili. Njia ya vumbi hadi maporomokoni na kurudi, pamoja na muda wa kutazama, ni saa moja na nusu ukienda kwa gari, na zaidi ukipanda farasi. Kurudi Maseru ni saa mbili na nusu nyingine.

Hizo ni kama saa tisa na nusu, na hakuna aliyekula wala kujisaidia. Anayeanza safari Bloemfontein, kilomita zipatazo 140 kutoka Maseru, aongeze barabara hiyo mara mbili na foleni ya mpakani. Kitu lazima kikatwe, na kinachokatwa ni ngome kila mara, kwa kuwa maporomoko ndiyo yaliyo kwenye picha ya tangazo.

> Kinachokatwa ni ngome kila mara, kwa kuwa maporomoko ndiyo yaliyo kwenye picha ya tangazo.

Wenye magari na wenye farasi

Wenye magari wana hoja, na haifai kuipuuza. Wanasema mgeni wa kawaida anayefika ukanda huu amekuja Afrika Kusini kwa wiki moja au mbili, na Lesotho anaipa siku moja au haiipi kabisa. Ukimwambia alale, atakwenda hifadhi ya Kruger. Wanasema pia gari binafsi ndilo linalomfikisha mzee, mzazi mwenye mtoto mdogo au mtu asiyeweza kubanana kwenye basi hadi nyanda za juu. Usafiri wa umma kwenda Semonkong upo, lakini hauendi kwa ratiba ya mgeni. Mwenye gari amenunua gari kwa mkopo, analipa bima za nchi mbili, na mafuta ya milimani hayasamehe.

Upande wa pili wako wale wanaobaki gari linapoondoka. Huko Semonkong, farasi mmoja na kijana wa kumwongoza ni mapato ya nyumba nzima. Farasi wa Kisotho ni mdogo, mgumu, ana mguu wa uhakika kwenye mawe, na mgeni akimpanda hadi maporomokoni pesa inaingia mfukoni mwa mwenye farasi siku hiyohiyo. Gari linalofika hadi ukingoni linampita mlangoni. Chakula kimetoka ng'ambo. Maji ya kunywa yametoka ng'ambo. Mwongozaji ndiye dereva, naye pia wa ng'ambo. Kinachobaki ni kiingilio, vumbi na watoto wanaonyoosha mikono.

Wageni hulalamika juu ya watoto hao na vijana wanaodai pesa ya kulinda gari. Malalamiko yana ukweli, kwani kuombwaombwa kunachosha na kunamfundisha mtoto kuacha shule. Ila nimeona pia kwamba anayefika kwa farasi wa kijiji hasumbuliwi hivyo. Amekuja na mtu wa hapa, na mtu wa hapa amelipwa.

Kwa maoni yangu wenye farasi ndio wenye haki kubwa zaidi katika mzozo huu, na dawa si kuyafukuza magari. Gari linaweza kuishia Semonkong mjini. Kutoka hapo mgeni apande farasi au atembee, ale chakula cha pale, na dereva apumzike kabla ya kona za kurudi. Mwenye gari hapotezi senti. Mgeni anapata kitu ambacho hangeweza kukipata akiwa nyuma ya kioo.

Kwa nini fedha hii ina uzito sasa

Lesotho ina watu wapatao milioni mbili na imezungukwa pande zote na nchi moja. Kwa miongo mingi wanaume wake waliishi kwa migodi ya Afrika Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya 100,000, kisha migodi ikapunguza wafanyakazi na fedha za kutuma nyumbani zikakauka. Viwanda vya nguo vikashika nafasi, vikiajiri zaidi wanawake na kuuza Marekani bila ushuru kupitia mpango wa AGOA wa mwaka 2000.

Machi 2025 Rais Donald Trump aliliambia Bunge la nchi yake kwamba Lesotho ni nchi ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Mwezi uliofuata akatangaza ushuru wa asilimia 50 kwa bidhaa zake, uliosimamishwa na baadaye kushushwa hadi asilimia 15. Wakati huo wanunuzi walikuwa wameshaanza kusitasita. Julai mwaka huohuo serikali ilitangaza hali ya janga la kitaifa kutokana na ukosefu wa ajira, hasa kwa vijana.

Maji yapo, na yanauzwa. Chini ya mkataba wa mwaka 1986 yanakusanywa katika mabwawa kama Katse, lenye ukuta wa mita 185, na kupelekwa kwenye jimbo la Gauteng. Fedha hizo huingia hazina ya serikali. Fedha ya farasi huingia nyumbani kwa mtu, na kwa kijana wa Semonkong asiye na kiwanda wala mgodi, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Makaburi si kituo cha picha

Limebaki suala la heshima, na hapa sioni pande mbili. Kilele cha Thaba Bosiu ni makaburi ya wafalme. Moshoeshoe wa Kwanza amelala pale chini ya mawe yasiyo na mapambo. Moshoeshoe wa Pili, aliyefariki kwa ajali ya gari milimani Januari 1996, amezikwa hapohapo. Wasotho hupanda kuwaeleza wazee wao shida zao. Ukikutana na familia imekaa kimya karibu na makaburi, kaa mbali, vua kofia, weka simu mfukoni.

Mtanzania aliyewahi kusimama Kalenga mbele ya fuvu la Mtwa Mkwawa ataelewa bila kuambiwa. Ngome ya Mkwawa pale Kalenga, Iringa, ilikuwa bondeni, kuta zake zilikuwa nene, na Wajerumani waliibomoa kwa mizinga Oktoba 1894. Hii ya Wasotho ilijengwa na mwamba wenyewe, na mfalme wake alifia kitandani akiwa mzee. Waafrika wawili wa karne moja, kila mmoja na mlima au bonde lake. Anayevifahamu vituo vyote viwili atajifunza mengi zaidi kuliko anayekimbilia picha.

Thaba Bosiu imo kwenye orodha ya Lesotho ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia. Ikiingizwa rasmi, wageni wataongezeka, na magari ya siku moja yataongezeka zaidi. Utaratibu wa kupanda na mwongozaji wa hapa, si dereva, unapaswa kuwa sharti kabla ya siku hiyo kufika. Vijana wa kituo cha wageni wanaijua historia hii kwa kina. Walipwe vizuri, na wapewe muda wa kuisimulia.

Kwa msomaji anayejipanga

Kutoka Afrika Mashariki utafika kwa ndege kupitia Johannesburg, ukitua uwanja wa Moshoeshoe wa Kwanza nje ya Maseru, au kwa gari kupitia daraja la mpakani Maseru. Loti ya Lesotho na randi ya Afrika Kusini zina thamani sawa, na randi hupokelewa kila mahali. Chukua koti hata ukienda Desemba: hakuna sehemu ya nchi hii iliyo chini ya mita 1,400, na Semonkong iko juu ya mita 2,000.

Ukikodi gari binafsi, jadiliana na mwenye gari kabla ya kulipa. Taka muda wa saa tatu kamili Thaba Bosiu, kwa maandishi. Taka chakula cha mchana kinunuliwe njiani au Semonkong. Sema kwamba sehemu ya mwisho utakwenda kwa farasi wa kijiji, na kwamba mwenye farasi utamlipa wewe mwenyewe mkononi. Mwenye gari mzuri atakubali, kwa kuwa anajua mgeni aliyeridhika humletea mwingine. Anayekataa, tafuta mwingine.

Ukiwa na siku mbili, panda ngome asubuhi ya kwanza, kisha lala Semonkong na uende kwenye maporomoko kesho yake mapema, kabla magari ya siku moja hayajafika. Ukiwa na siku moja tu, usijaribu vyote viwili. Chagua ngome. Iko nusu saa kutoka mjini, na jioni utakuwa bado na muda wa kukaa na aliyekuongoza na kumuuliza yote uliyoyasahau kuuliza ukiwa juu.

Siku ya Moshoeshoe ni Machi 11 kila mwaka, na ni sikukuu ya taifa.